Leja ya stoo niliyoandikiwa na akili mnemba: miezi mitano baadaye

Mimi ni mtunza stoo, sijasomea uprogramu. Kwa miaka 9 nimekuwa nikitoa spea na vilainishi kwa mafundi 14, na kumbukumbu zote zilikaa kwenye faili moja la Excel ambalo watu watatu walikuwa na nakala zake, kila nakala na salio lake. Programu za stoo zinazouzwa nyingi hutoza kwa kila mtumiaji kila mwezi, na zimejaa mambo ya maghala makubwa ambayo sisi hatuyahitaji. Nikalipia mwezi mmoja wa huduma ya akili mnemba inayoandika msimbo, nikajaribu.

Niseme mapema: nimeridhika, na kwenye Excel sirudi.

Nilieleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba nataka skrini tatu: kupokea, kutoa, na salio. Haikufika saa moja nikawa na kitu kinachofunguka kwenye kivinjari, kimeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, data zote zimo ndani ya faili moja la SQLite, programu ya kuhifadhi na kupanga data. Uchaguzi huo nausifu. SQLite ni ya bure, haidai seva yake yenyewe, na kwa kikosi kama chetu inatosha na kubaki.

Kilichonishtua ni kitufe cha Futa kando ya kila mstari. Aliyewahi kushika leja anajua kwamba ingizo halifutwi. Ukikosea, unaandika ingizo jingine la kusahihisha, ili mkaguzi aone nani alitoa nini na lini kosa likarekebishwa. Isitoshe, salio lilikuwa namba moja tu inayoandikwa juu ya nyingine, bila historia. Niliandika sentensi mbili: hakuna kufuta, na salio ni jumla ya mapokezi ukitoa vilivyotolewa. Ikapanga upya kila kitu vizuri kabisa. Lakini nisingejua kuidai kanuni hiyo kama nisingekaa na leja ya karatasi miaka yote hiyo.

Wiki ya pili fundi alikuja kuchukua mafuta ya mashine. Asubuhi zilikuwapo lita 0.3, mwenzake akachukua 0.1. Yeye akaomba 0.2 zilizobaki, mfumo ukakataa: salio halitoshi. Kopo liko mkononi mwangu, mafuta nayaona! Kumbe kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbili, sifuri na moja, na humo 0.1 haiandikiki kikamilifu. Kwenye Python, 0.3 ukitoa 0.1 unapata 0.19999999999999998, ambayo ni pungufu ya 0.2. Dawa yake ni kuhifadhi mililita kwa namba nzima, 300 ukitoa 100, na kuonyesha lita kwenye skrini tu. Akili mnemba ilirekebisha mara moja nilipoibandikia ujumbe wa kosa, lakini yenyewe haikunionya. Mwenye hesabu za fedha aangalie jambo hilohilo kwenye senti.

Usalama nao uliniumiza kichwa. Toleo la kwanza halikuwa na nywila kabisa. Nilipoomba ziwekwe, zikahifadhiwa kama zilivyo, kila anayefungua faili anazisoma. Ikabidi nisisitize zifumbwe kwa njia isiyoweza kurudishwa nyuma. Programu yenyewe haitoki nje ya mtandao wa ofisi, na ningemsihi kila anayeanza afanye hivyo.

Nakala rudufu usizichukue kwa kunakili faili wakati watu wanalitumia, unaweza kupata nakala mbovu. SQLite ina amri yake ya kazi hiyo. Mimi huirejesha nakala kwenye kompyuta nyingine kila Ijumaa nione kama inafunguka.

Kwa leja ya stoo, ratiba za matengenezo au orodha ya vifaa vilivyoazimwa, naipendekeza akili mnemba kwa moyo wote, mradi anayeagiza ni yule anayeifanya kazi hiyo kila siku, na kwa mwezi wa kwanza aendeshe daftari la zamani sambamba. Mimi nilifanya hivyo, na tofauti tatu nilizozikuta zote zilitokana na nakala zetu za Excel.

Mhasibu wetu ameniomba nimtengenezee ya mishahara. Nimemwambia asubiri mpaka tumpate mtu anayeweza kuusoma msimbo mstari kwa mstari.