Fundi betri wa Kabwe aliyekataa kuniuzia betri

Jamani wenye magari ya kulala uani kama langu, mnaouliza kila siku betri ya gari isiyotembea ibadilishwe lini, hii ni yenu. Nyie mnaotoka nayo kila asubuhi piteni tu, shida zenu ni nyingine.

Kwanza mjue gari yenyewe. Ni Toyota Raum, ya mume wangu, yeye yuko machimboni Chunya, anarudi mwisho wa mwezi na kuna miezi harudi kabisa. Mi kazini naenda na daladala maana mafuta ya kila siku siyawezi, kwa hiyo Raum inatoka Jumapili kwenda kanisani, dakika kumi tu kutoka kwetu Forest hapa Mbeya, na mara mojamoja inashuka Tukuyu kwa mama. Kuna wiki haitoki kabisa. Kuku wameshaizoea, wanalala chini yake.

Sasa mwezi wa sita 2024, na mnaijua Mbeya ya mwezi wa sita, maji ya bomba asubuhi yanauma mpaka meno, nikageuza funguo nikasikia nge... nge... halafu tiki tiki tiki, kimya. Taa za dashibodi zinafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Jirani akaja na waya zake akaniboostia, nikaenda ibadani. Jumapili ya pili yale yale. Ya tatu yale yale, na ya nne jirani alivyotuona tunatoka na Biblia akaingia zake ndani.

Nikaenda duka moja kubwa la betri, silitaji, lenye vioo na betri zimepangwa kama vitabu. Kijana wa pale hata bonneti hakufungua. Akaniuliza betri ina muda gani, nikamwambia shemeji yako aliiweka mwezi wa kumi 2021, akasema basi bidada hiyo imekufa, inakaribia miaka mitatu, weka mpya laki na tisini tukufungie sasa hivi. Nikamuuliza hupimi? Akasema hizi tunazijua kwa macho. Yani kwa macho! Kilichoniokoa sio akili, ni kwamba mkononi nilikuwa na laki na nusu.

Mwenzangu wa kazini ndo akanielekeza kwa huyu fundi betri, mzee wa Kabwe hapa hapa Mbeya. Kibanda hakina bango la maana, kuna tairi limepakwa chokaa limeandikwa BETRI, ndani giza, harufu ya asidi inakukaribisha kabla ya mwenyewe. Nilifungua betri nikaiweka kwenye beseni, nikapanda nayo bajaji (beseni ni muhimu, shangazi yangu aliwahi kuipakata ya maji na kitenge kikatoboka matundu wiki hiyo hiyo). Nikamwambia shikamoo mzee, nataka betri mpya kama hii. Marahaba mwanangu, hii ina nini? Nikasema imekufa. Nani kaipima? Nikakaa kimya.

Akaichomeka mita, ikasoma volti 11.9. Mi nikajua basi, hukumu imetoka. Yeye akasema hapa sikuambii kitu, mtu mwenye njaa humtwishi gunia halafu ukasema hana nguvu, kwanza ale. Na hapo ndo nimeelewa kitu ambacho miaka yote hakuna aliyeniambia, kwamba betri iliyoisha chaji na betri iliyokufa zinalia mlio ule ule asubuhi. Tiki tiki ni ile ile. Ukitaka kuzitofautisha lazima uchaji kwanza mpaka ijae, uiache ipumzike usiku kucha bila kuguswa, ndo upime. Ukipima papo hapo ikitoka kwenye chaja itakudanganya, inasoma juu kwa muda tu.

Nikaiacha, elfu tano. Kesho yake saa nne nafika ananionyesha 12.6. Ikiwa 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 kushuka chini unatafuta lawama. Halafu akaleta kipimo chake cha lodi, kidude kama pasi ya zamani chenye koili ndani, unabana kwenye nguzo mbili kinavuta moto mwingi kama stata, ile mota ya kuwashia injini, inavyovuta, koili inaiva nyekundu na kibanda kinanuka joto. Anahesabu sekunde kumi na tano kwa sauti, macho kwenye mshale. Mshale ukashuka ukagota 10.3 ukatulia hapo. Akasema ukishuka chini ya 9.6 hapo tunazungumza biashara, hii bado inakula ugali, rudi nayo nyumbani. Nikamwambia mzee lakini gari haiwaki! Akasema basi mwizi yuko kwenye gari, sio kwenye betri.

Akanipa kijana wake na mita, nikalipa bodaboda elfu mbili. Kijana akafungua waya wa negativu akaunganisha mita katikati, akafunga milango yote, akaniambia tusubiri kidogo gari ilale. Ikasoma ampea 0.18. Kwangu ilikuwa namba tu, akanifafanulia kwamba gari iliyozimwa inatakiwa inywe kama 0.05 au chini, ya saa na alamu basi, hii inakunywa zaidi ya mara tatu. Kapiga hesabu kwenye simu: 0.18 mara saa 24 ni ampea-saa 4.3 kwa siku, betri yangu ni ya ampea-saa 45, kwa hiyo siku tano nusu imekwenda na kabla ya siku kumi na moja imekauka. Na mi natoka Jumapili kwa Jumapili! Akawa anachomoa fyuzi moja moja, alipofika ya redio ikaanguka mpaka 0.03. Ile redio ya skrini kubwa mume wangu aliyoifunga kwa mbwembwe, fundi aliyeifunga aliunganisha kwenye waya wa moto wa muda wote, ukizima gari yenyewe inaendelea kukesha. Akahamisha waya ufuate funguo, elfu kumi. Jumla ya kila kitu ni elfu kumi na saba, kutoka laki na tisini.

Nimpigie mume wangu nimwambie redio yako ndo inakula betri? Nilimpigia. Akasema mke wangu hiyo redio usiiguse. Nimeshaigusa baba.

Tena mzee alinipa maelekezo nikayaandika kwenye simu. Kama gari itakaa zaidi ya wiki, chukua spana namba kumi, fungua negativu, iweke pembeni isiguse. Unaanza kufungua negativu, ukirudisha inakuwa ya mwisho, ili spana ikigusa bodi usipige shoti. Saa ya kwenye dashibodi itafutika, vumilia. Kingine nilikuwa nafanya dhambi kubwa, nilikuwa nawasha gari kila Jumatano dakika tano ikiwa imesimama uani nikijua naichaji, kumbe dakika tano ikiunguruma tu bila kutembea, oltaneta (dude la kwenye injini linalochaji betri) hairudishi cha maana mbele ya kilichonyonywa wiki nzima. Na ile safari ya kanisani dakika kumi na taa zinawaka na feni ya hita kwa baridi ya huku, nayo hairudishi cha maana. Sasa kila wiki mbili naenda Mbalizi, nje ya jiji, na kurudi, sina shughuli Mbalizi, naenda tu, nanunua mboga narudi.

Na haya ya kuisha chaji sio ya kupuuza, kila betri ya gari inapokauka kabisa inazeeka. Mzee alinipasulia moja mbovu nione, sahani za risasi ndani zimeganda ukungu mweupe mgumu, ukikwangua na kucha hautoki. Ikikaa na njaa muda mrefu ndo inaganda hivyo, na ukishaganda chaja haiwezi kuyeyusha wote. Kwa hiyo zile Jumapili nne za kuisha chaji nilishaipunguzia umri, aliniambia kabisa, mwanangu hii itakufikisha baridi ya mwakani ukiwa na bahati.

Bahati nilikuwa nayo nusu. Mwaka mzima gari inashika vizuri, nashuka Tukuyu napanda, hamna shida. Julai 2025, asubuhi ya baridi kali, nge nge tena. Safari hii sikubishana na mtu, beseni, bajaji, Kabwe. Chaji kutwa nzima. Jioni alipoitoa kwenye chaja ilisoma 12.6, alfajiri imeshuka yenyewe 12.2 bila kufungwa kwenye kitu chochote, imekaa tu juu ya ubao! Akabana kipimo cha lodi, hajafika hata sekunde ya tano mshale uko 8.8 na unaendelea kuteremka. Akakitoa akasema sasa nunua.

Mi kwangu hapo ndo jibu la lile swali ninyi mnauliza kila siku, betri ya gari isiyotembea ibadilishwe lini. Miaka ya kwenye stika inakupa wasiwasi tu, kuna ya miaka miwili imekufa kwa uzembe na ya mitano inadunda. Yangu ilipitishwa na mita ikiwa na miaka mitatu kasoro na ikahukumiwa na mita hiyo hiyo ikiwa na minne kasoro. Shemeji yangu yuko Dar anasema zake hazifiki hata tatu, na mzee anasema ni kweli, joto ndo linaua betri, baridi yetu huku inaifichua tu, maana asubuhi betri inatoa nguvu kidogo wakati huo huo oili ya injini imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Kwa hiyo wa huku pimeni mwezi wa tano, kabla.

Kuhusu betri yenyewe. Nimechukua NS60 (hiyo ni saizi ya betri) kavu, ile isiyoongezwa maji, laki na sabini, akanipunguzia elfu kumi na tano kwa ile chakavu, nikatoa laki na hamsini na tano. Nilichopenda hakunipa tu iliyo mbele, alipima mbili mbele ya macho yangu, moja mpya kabisa ya kwenye boksi ikasoma 12.3, akairudisha akasema hii imekaa dukani muda mrefu inataka chaji, nyingine 12.6 ndo akanipa. Nani anafanya hivyo? Ukinunua popote omba wapime kabla hujatoa hela, na muangalie upande wa nguzo, kuna za L (kushoto) na za R (kulia), na kuna za vichwa vyembamba na vinene, mwenzangu alibeba ya kinyume akalazimika kurudi nayo mpaka Mwanjelwa kwenye jua. Mzee alipoifunga yangu akawasha gari akapima tena, 14.2, ina maana oltaneta inachaji sawa, maana hapo ingesoma 12 na kitu hata betri mpya ingekuwa kazi bure.

Mabaya yapo, sifichi. Chaja yake moja inabeba betri tatu kwa wakati, na za bajaji zinapewa kipaumbele kwa sababu wale wanatafuta riziki, sawa, lakini we unaambiwa njoo kesho kutwa. Umeme ukikatika kazi inasimama. Waranti ni miezi sita tu, imeandikwa kwa mkono kwenye kadi na muhuri uliofifia, nimeipiga picha. Hakuna pa kukaa zaidi ya kreti la soda. Ukimgusia mpira, timu ya Mbeya City, umeisha, utasimama pale saa nzima. Na Jumamosi hafungui, ni Msabato, nilienda mara mbili nikakuta kufuli kabla sijaelewa.

Nampa nne kati ya tano, ile moja ni ya chaja. Ukishuka Kabwe uliza tairi jeupe, sio kwa jina. Beba hela taslimu, beba beseni, na kama ni miezi ya baridi vaa sweta maana kibanda chenyewe mlango wake umekaa upande wa upepo. Mume wangu amerudi wiki iliyopita, gari ikawaka mara moja, kitu cha kwanza alichoniuliza ni kwa nini redio inazima akitoa funguo.