Kupasha kabla ya mechi ya pool: gemu nzima au mpira mweupe peke yake?

Mechi ni saa mbili usiku, umefika Majengo, hapa Dodoma, saa moja. Wengi hupasha kwa gemu nzima na rafiki, utani juu. Ila meza zetu ni za sarafu: mpira ukizama shimoni umezama, hautoki hadi ulipie tena, na nusu ya muda unamtazama mwenzako akipiga.

Mimi nalipia, kisha mipira 15 naiacha pembeni. Naweka mweupe upande wangu, katikati ya upana wa meza, naupiga taratibu uende kingo ya mbele urudi kugusa ncha ya fimbo. Ukirudi ukiwa umekengeuka, ujue hukuupiga katikati. Mapigo kumi hivi yanakuonyesha pia kitambaa kikoje. Dodoma vumbi halikosekani, na likitanda mpira unachelewa. Julai, baridi ikikaza vidole, naongeza mengine kumi.

Gemu nzima inaishinda njia yangu kwa kitu kimoja: kufungua, yaani pigo la kwanza la kutawanya mipira. Kwa mweupe peke yake huwezi kujipima hapo. Basi nikimaliza, napanga ile 15, nafungua mara moja kwa nguvu, halafu rafiki aje tumalizie.