Makumbusho ya Reli Nairobi: Injini Zimetunzwa, Stesheni Je?

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu Makumbusho ya Reli, pale nyuma ya stesheni ya zamani ya Nairobi. Niseme mapema kwamba nina upendeleo. Nimelelewa kwenye nyumba za reli, na marehemu baba alikuwa stesheni masta laini ya Mombasa.

Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Nyota 2 ni za Mount Gelai peke yake. Ni injini namba 5918, mojawapo ya zile injini 34 za mvuke aina ya Garratt zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina tani 252, na kwenye reli yenye upana wa mita moja dunia haijapata kuona injini ya mvuke yenye nguvu kuishinda. Mjukuu akauliza makaa yalikuwa yanawekwa wapi. Hayakuwekwa, baba, hizi zilikunywa mafuta mazito. Nilipoweka kiganja kwenye chuma kilichochomwa na jua la saa saba, nikakumbuka vikombe vyetu vilivyokuwa vikitetemeka kabatini dakika nzima kabla treni haijatokea konani.

Halafu kuna behewa ambamo Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alisinzia mwezi Juni 1900 akimvizia simba pale Kima. Simba akaingia, akamtoa dirishani. Simameni mbele ya hilo dirisha mlipime kwa macho. Ni dogo. Ndipo hadithi inapoacha kuwa hadithi. (Na ndiyo, kituo kinaitwa Kima. Sisi watoto wa reli tulilicheka jina hilo kila tulipotumwa buchani.)

Sasa ile nyota ya tano niliyowanyima. Haiwahusu wao hasa, maana wameokoa walichoweza kukokota hadi Nairobi, na stesheni haikokotwi. Tangu treni mpya ianze mwaka 2017, na vituo vyake vikajengwa kando ya miji, abiria wa Mombasa hapiti tena tulikokuwa tukikaa. Mwaka jana nilisimama kwenye stesheni ya baba nikielekea pwani. Dirisha la tikiti limezibwa kwa mabati, mbuzi wamelala jukwaani, na ule mti wa mkwaju wa baba umebaki kisiki. Kipande cha reli kilichoning'inizwa kuwa kengele, ambacho baba alikigonga treni ikiondoka kituo cha jirani, hakipo. Nilikula chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya barabarani, nikaona kimoja kama hicho kimetundikwa juu ya kaunta ya bia. Mhudumu akasema ni pambo tu. Pilau ilikuwa baridi pia, lakini hilo ningelisamehe.

Msiniambie haiwezekani. Laini ya Nanyuki ilifufuliwa mwaka 2020, ya Kisumu ikafuata Desemba 2021, na vituo vilivyokuwa vimeota nyasi vikaona tena abiria na mama wa mahindi. Paa likizibwa mapema, ukuta wa mawe hauna haraka ya kuanguka. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi na bohari ya reli. Mji mzima umetoka kwenye stesheni moja.

Ombi langu kwa makumbusho ni dogo: wekeni chumba kimoja cha stesheni ya kijijini. Meza, simu ya kuzungusha, bendera nyekundu na ya kijani, dirisha la tikiti lenye ile shimo ya kusemea iliyowafanya wazee wote wainame.

Nendeni asubuhi kabla chuma hakijapata moto, na mbebe maji. Mjukuu alichora injini njia nzima kurudi nyumbani. Pembeni akaweka kibanda chenye mtu mwenye kofia. Nikamuuliza ni nani.

"Si ni babu yako wewe?"

Nikamwambia ni baba yangu, na kofia ilikuwa nyeupe.