Kabla hujanunua rimoti nyingine ya Kodi (ile programu ya kuchezea filamu kwenye TV), pima hii kwanza

Jamani, kabla hujatoa hela chukua simu, washa kamera, elekeza kile kitaa cha mbele ya rimoti kwenye lenzi halafu bonyeza kitufe chochote. Ukiona kinuru cha zambarau kinapepesa basi rimoti ni nzima, shida iko mbele ya safari. Kamera ya nyuma isipoonyesha kitu jaribu ya selfie, maana simu nyingi ile ya nyuma imewekewa kichujio kinachozuia infraredi, ule mwanga wa rimoti usioonekana kwa macho. Mi sikulijua hili, nikanunua rimoti mbili ndani ya mwezi mmoja, muuzaji ananiambia hii ndo yenyewe, kumbe risiva, kile kipande kinachopokea mwanga wa rimoti, nimeichomeka nyuma ya TV haioni mtu aliyekaa kwenye kochi. Iliniuma sana, ndo maana naandika.

Sasa kama umepima na bado unataka kununua, mimi nazipanga hivi.

Namba moja usinunue kitu, tumia rimoti ya TV yako kupitia HDMI-CEC. Hapo hamna infraredi ya kuhangaika nayo upande wa Kodi, TV inapokea kitufe halafu inakituma kwa waya wa HDMI. Tatizo ni majina tu, Samsung wanaita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, ingia kwenye settings za TV uiwashe. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inaikubali vizuri, na kama ni Pi 4 chomeka HDMI kwenye tundu la karibu na la chaji. Wenye kompyuta ya kawaida poleni, nyingi hazina CEC.

Namba mbili ni Flirc, na kwa wenye kompyuta hii ndo ya kwanza kabisa. Ni kipande kidogo cha USB, unakifundisha kwa programu yake kwenye kompyuta yoyote mara moja, kitufe hiki ni juu, hiki ni OK, na kinakumbuka chenyewe hata ukikihamisha. Kodi inaona ni kibodi tu. Ile rimoti ya kingamuzi cha zamani iliyolala kwenye droo inapata kazi tena! Bei yake imechangamka kidogo lakini hutonunua tena.

Tatu, rimoti za 2.4GHz, zile za kutikisa mkono kama mausi. Hazihitaji kuonana na risiva, ila ukichomeka USB yake pembeni ya hard disk ya USB 3.0 zinaanza kukwama kwama, tumia waya mfupi wa eksitensheni uisogeze mbali.

Nne, rimoti za MCE, zile za Windows Media Center, zenye risiva yake. Zinafanya kazi, ila kagua vitufe vyote siku hiyo hiyo. Kwenye LibreELEC (mfumo mwepesi wa kuendeshea Kodi) ingia kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka kompyuta nyingine, andika systemctl stop kodi, kisha systemctl stop eventlircd, halafu ir-keytable -t na ubonyeze. Namba zikitokea kwenye skrini ina maana signo inafika, kwa hiyo ni keymap (orodha ya kitufe kipi kinafanya nini) ya kurekebisha, usirudi dukani kugombana na mtu. Zisipotokea kabisa ndo urudishe.

Ya mwisho ni TSOP38238, sensa ya kupokea infraredi unayounga mwenyewe kwenye Pi. Bei yake ni ndogo kuliko zote, ukiulizia kwa mafundi wa Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi) hukosi, na naipenda sana ila siyo ya mtu mwenye haraka. Ishike kile kitumbo kikutazame, mguu wa kushoto ni signo, wa kati graundi, wa kulia umeme, na umeme huo uwe 3.3V usipeleke 5V maana signo itarudi na volti ambazo pini ya Pi haizitaki. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, ongeza dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18 (hiyo 18 ni namba ya GPIO, yaani pini ya Pi uliyounga signo), washa upya. Halafu usiiweke panapopigwa na jua au chini ya taa ya enaji seva, utadhani imekufa kumbe inapigiwa kelele, zima taa ujaribu tena kabla hujaing'oa.