Hipnotherapi kwa maumivu ya mshono baada ya operesheni, uzoefu wangu

Nimejifungua mtoto wa pili kwa operesheni hapa Dar na safari hii nilitumia hipnotherapi (tiba ya hipnosisi, yaani kutuliza akili na kuelekeza mawazo ili maumivu yapungue) pamoja na dawa. Nasema PAMOJA NA dawa, maana diklofenaki na panado nilizitumia zote kwa saa zake kama nesi alivyopanga.

Mtaalamu wangu ni mkunga aliyeisomea hii kitu, tulikua tunaongea kwa video na tulianza mimba ikiwa kubwa. Hulazwi usingizi jamani, unasikia kila kitu na ukitaka kuacha unaacha. Unatuliza pumzi, unahesabu kurudi nyuma, alafu unavuta picha mkono wako umezama kwenye maji baridi ya mtungi mpaka uhisi umekufa ganzi, ukishakolea unauhamishia ule ubaridi tumboni karibu na mshono (kidonda chenyewe usikiguse). Hapo ndo nilipoona faida yake, kwasababu ganzi ya mgongoni ikiisha wanakuambia unyanyuke utembee, na uzazi wa kwanza nilikua nakaza mwili mzima kwa hofu ya kukohoa tu, yaani ile hofu yenyewe ilikua inaniongezea maumivu. Safari hii maumivu yalikuwepo ila hayakunitisha, nageuka ubavu, nashusha miguu, nakumbatia mto tumboni, nasimama. Chango la kunyonyesha ndo halikusikia sana, lile nililivumilia kwa pumzi tu.

Mama mkwe aliuliza kama ni mazingaombwe. Nikamwambia mama, madaktari wa Uingereza kupitia chama chao waliikubali kwa uchungu wa uzazi na operesheni tangu 1955, na kule Liège Ubelgiji kuanzia 1992 kuna operesheni wanafanya kwa ganzi ya sehemu, dawa kidogo ya kutuliza na hii hipnosisi. Akakaa anasikiliza na mimi, alafu yeye ndo akawa ananibebea mtoto nikifanya zoezi. Ila kwa mshono wa uzazi hasa tafiti bado chache, kwahiyo msiache dawa mkategemea hii.

Kasoro kubwa ni lugha, rekodi za kusikiliza wakati wa zoezi zote ni za kiingereza na ukiwa na maumivu saa nane usiku kiingereza hakiingii kabisa, ikabidi dada yangu anisomee maneno yale kwa kiswahili kwenye voisi ya WhatsApp, na kwakweli sauti yake ilinituliza kuliko ile ya mtaalamu. Bei nayo imechangamka.

Na tafadhali, homa, usaha, mshono kuachia, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba na kuuma, hapo hamna cha kuvuta picha, nenda hospitali. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili wa kusikia sauti aongee na daktari wake kwanza kabla hajajaribu.

Naipa 4 kwa 5, wakiweka rekodi za kiswahili naongeza hiyo moja.