Archivematica kwa nyaraka za chama cha kahawa: maoni yangu kutoka Moshi

Natunza nyaraka za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Uru. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro ni wa zamani, KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika wa kahawa hapa Kilimanjaro, ni ya 1933, na makabati yetu yamejaa leja za malipo na vitabu vya mihtasari. Kuskani ni jasho tu. Shida huanza baadaye, faili zikishasambaa kwenye flashi za kila mtu na hakuna anayejua ipi ya asili, ipi imeguswa. Ndiyo maana nimeweka Archivematica, programu huria ya kuhifadhi faili za kidijitali kwa muda mrefu, ya kampuni ya Artefactual ya Kanada, kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Ubuntu 22.04, aina ya Linux.

Programu ni bure; mashine na bando utalipia. Inakuja na msururu wa programu saidizi: MySQL, Elasticsearch (ya kutafuta), Gearman, ClamAV (ya kukagua virusi), Nginx, na ClamAV nayo inashusha orodha ya virusi kabla haijaanza kazi. Mla RAM mkubwa ni Elasticsearch. Unaweza kuizima na kazi ikaendelea, ila utakosa kutafuta ndani ya hazina yako. Mimi nimeongeza RAM hadi GB 16 na sijutii hata kidogo.

Mpangilio usiuruke. Kwanza Storage Service, sehemu inayosimamia mahali faili zinapohifadhiwa, unayoifungua kwenye kivinjari kwa poti 8000: fungua akaunti ya msimamizi, nakili ufunguo wa API, yaani nywila ndefu ya kuunganisha programu mbili. Ndipo ufungue dashibodi, ukurasa wa kuendeshea Archivematica yenyewe, nayo itakuomba ufunguo huo huo. Mwongozo wao ni mzuri, amri unazinakili zilivyo, lakini umeandikiwa mtu aliyezoea terminali, dirisha la kuandikia amri. Katibu wa chama asiachiwe peke yake. Atafutiwe kijana anayeijua Linux.

Ikishasimama, utaipenda. Nilipeleka folda ya leja yenye faili kama "Malipo & makato 1978.jpg". Nafasi na ile alama ya & vikageuzwa mistari ya chini, lakini jina la asili likahifadhiwa ndani ya faili ya METS, inayobeba maelezo ya kila faili. Kila picha ikapewa cheksamu, mfano wa alama ya kidole: mtu akibadili tarakimu moja tu ya kilo za mkulima, hailingani tena. Wajukuu wakija kuulizia hisa za babu yao, nataka niwaonyeshe ukurasa ambao naweza kuuapia. Flashi na folda tupu haziwezi kunipa hilo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naibakiza kwa sababu ya diski: kila JPEG inatengenezewa nakala ya TIFF, muundo wa picha wa kuhifadhia, na TIFF ni nzito mno. Kengele ndogo ikitokea kwenye dashibodi kukuuliza, unaweza kukataa nakala hizo. Kwa leja nimekataa. Kwa picha za waasisi nimekubali, na diski ya pili nimeshainunua.