Kizuia matangazo kipi cha kuweka kwenye simu

Mjomba kaja kutoka Tandahimba kanuna. "Mpwa, asubuhi nimeweka bando la buku, saa nne limekwisha. Nimesoma bei za mnada tu." Nikaufungua huo ukurasa: aya mbili za korosho, video ya kamari inayojianzisha yenyewe, na alama ya kuifunga ndogo kama punje ya ufuta.

Kwanza, usitoe hela. Mimi stendi hapa Mtwara nilishatozwa 5,000 kuwekewa programu ya bure, tena haikutoka hata Play Store.

1. Firefox, kivinjari cha kufungulia tovuti, pamoja na uBlock Origin, kiongezi (kijiprogramu cha kupachika kwenye kivinjari) kinachozuia matangazo. Kwenye simu ya Android, Chrome haipokei viongezi, Firefox inapokea. Tangazo linazuiwa kabla halijashuka, kwa hiyo MB zako zinabaki. Tovuti unayoipenda unairuhusu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, maana Chrome siku hizi imebakiwa na toleo dogo tu la uBlock Origin, liitwalo Lite.

2. Brave, nayo ni kivinjari. Hii ndiyo niliyomwekea mjomba: ukishaishusha, inazuia bila kusetiwa. Kuiruhusu tovuti, gusa kichwa cha simba kando ya anwani.

3. DNS ya faragha (DNS ni huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti), kuanzia Android 9. Ingia mipangilio ya mtandao, andika dns.adguard-dns.com. Inapunguza matangazo hata ndani ya gemu, ila ya YouTube haiyawezi, na huwezi kuruhusu tovuti moja peke yake.

4. Adblock Plus, kizuia matangazo kingine. Tangu 2011 inapitisha matangazo inayoyaita yanayokubalika, na kampuni kubwa zinalipia kupitishwa. Unaweza kuzima hilo kwenye mipangilio, lakini mlinzi anayepokea chochote getini mimi simtaki.

Sasa yule anayeandika bei za korosho anakula wapi? Tangazo likizuiwa, hapati kitu. Na kuandika nako kuna gharama: kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie leseni, mwaka wa kwanza zaidi ya shilingi 2,000,000.

Nikamuuliza mjomba tumruhusu nani. "Wa bei mwache. Wa kamari mfungie."

Nikamweleza kuwa wa kamari ndiye anayemlipa wa bei.

Akanyamaza, akaifuta kioo simu yake kwa pindo la shati. Kisha akasema nimrushie yule wa bei elfu mbili, atanirudishia minada ikifunguliwa.